Nesi Anayerudia

Sikutaka kuwasikiliza, lakini nilikaa nyuma yao na basi zima lilikuwa kimya. Nesi alikuwa anakwenda kurudia mtihani wa kusikiliza Kiingereza. Jirani yake, mwalimu wa tuisheni aliyejitambulisha bila kuulizwa, alikuwa amembana. "Dada, Kiingereza unakisikia vizuri. Sasa unafeli wapi?"

"Wodini daktari akitaja dozi, namrudishia kwa sauti, akikubali ndipo naandika. Kwenye mtihani midomo inarudia yenyewe. Nikimaliza kurudia jibu la kwanza, la pili limeshapita."

"Basi acha kurudia! Likikupita liache liende, shika linalofuata."

"Niache?" Nesi alimgeukia. "Mimi nikiacha neno moja, mtu anakufa, kaka."

"Pale hafi mtu."

"Mume wangu na mtoto wetu wako ng'ambo mwaka wa pili huu, na bila kufaulu siwafuati. Juzi kwenye simu mtoto kaniita shangazi. Halafu unaniambia hafi mtu."

Mwalimu akaangalia viatu vyake, jambo ambalo angelifanya mapema tungesafiri kwa amani. Lakini hakuweza kujizuia. "Ndiyo maana nakwambia uache."

"Anza wewe kuacha kunisemesha."

Basi likapunguza mwendo. Dereva akatangaza kwenye kipaza sauti: "Watu wa mtihani, tumefika. Mlango wa mbele mbovu, shukieni nyuma."

Nikaiona midomo ya nesi ikicheza: "Watu wa mtihani, tumefika." Akabeba mkoba wake, akaenda kusimama kwenye mlango wa mbele.