Mama Pua, Aliyewasindikiza Wagonjwa wa Meno

Ndugu waombolezaji, dada yetu aliyelala mbele yenu, ambaye wengi mlimwita Mama Pua, alizaliwa tarehe 3 Machi 1978, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1985 hadi 1991, sekondari hadi 1995, kisha chuo cha uuguzi, alikohitimu mwaka 1999.

Tarehe 3 Januari 2000 aliajiriwa kliniki ya meno, chumba namba nne, na mwaka 2006 akapewa kazi iliyompa jina, ya kuwapulizia puani dawa ya kutuliza wagonjwa wenye hofu kabla ya kupasuliwa ufizi au kung'olewa magego, akikaa nao dakika kumi na tano mpaka waliotaka kutimua mbio watulie kama maji mtungini. Sharti lilikuwa moja, mgonjwa arudi nyumbani na mtu wake, kwani dawa ile huchelewa kutoka kichwani.

Tarehe 14 Mei 2007 mwalimu mmoja alimwambia kwamba mdogo wake anamsubiri getini, marehemu akaamini bila kuchungulia, na mwalimu, aliyekuwa peke yake, akaanguka ngazini akavunjika mkono. Kosa hilo hakumtwika mtu, alimsimulia kila muuguzi mpya.

Mwaka uliofuata fundi redio mmoja alimwonyesha kaka yake benchini kuwa ndiye atakayemsindikiza, kumbe yule naye alikuwa mgonjwa akingoja zamu, na hilo lilipojulikana dawa ilikuwa imeshaingia, marehemu akamketisha hadi saa kumi na moja jioni, akamfikisha mwenyewe kwao, naye njiani akamposa mara tatu. Alimwambia arudie akiwa na akili zake, naye akarudia Jumatatu. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 2009, wakajaliwa binti mwaka 2010 na mwana mwaka 2013.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 2 Juni 2024, tiba ikiwa imefika mwisho, daktari alimruhusu kwenda nyumbani, lakini hakuinuka kitandani kabla ya kuuliza, "Nani ananisindikiza?" Mumewe akamshika mkono. Alifariki tarehe 11 Juni, saa mbili asubuhi, nasi tumeumia, hatufichi.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopokezana kukesha naye, wenzake wa chumba namba nne, na mwalimu yule, ambaye leo ameomba kubeba jeneza kwa mkono uleule uliovunjika.

Dada, watu wako tumefika wote, pumzika kwa amani.