Faili Lenye Neno Moja

Basi la Bengaluru lilikwama kwenye foleni, na Vasundhara, mwalimu mstaafu, akalazimika kuwasikiliza mafundi wawili wa programu waliokaa mbele yake.

"Kaka, ile programu ya kubana mafaili, iliyoandikwa kwa lugha ya C, inagoma kila tukibadilisha seva. Nimeing'oa, nikaweka ya lugha ya Java tupu. Hii inafanya kazi popote," alijitapa Ninad.

"Inafanya kazi? Inatambaa!" alifoka Somashekar, mkubwa wake kazini. "Leo hospitalini daktari kasubiri picha za eksirei zifunguke nusu saa! Uliijaribu kwa faili gani?"

"Dogo tu. Lina neno 'salamu'."

"Kwani wagonjwa wanaleta salamu?"

Vasundhara akaguna. Wanafunzi wake nao walijipima kwa hesabu walizokwisha kuzijua.

Somashekar akasimama, vituo vitatu kabla ya ofisi. "Naenda kwa miguu. Hii miguu nimeshaijaribu kwenye foleni halisi."