Bi Kasia, Mteuzi wa Vituo vya Mto

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya mambo ya kale, mwenzetu tunayemwita Bi Kasia anakabidhi funguo za kabati la ramani na kustaafu. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini. Aliwaambia wakubwa kwamba mto haukaguliwi kwa gari, akaazima mtumbwi, akashuka kupiga picha na kusahau kuufunga. Alirudi ofisini kwa miguu, kasia begani. Mtumbwi ulipatikana kesho yake, kilomita nne chini ya mto.

Alianza kama karani wa majalada, akapanda hadi kuwa mkuu wa Njia ya Mto, ile njia ya kale ya wafanyabiashara ambayo leo wageni huipita kwa mitumbwi. Kazi yake ilikuwa kuchagua vituo kumi na viwili tu vya kuwekewa vibao na kuingizwa kwenye ramani. Walioomba walikuwa zaidi ya tisini, na kila mmoja alikuwa na babu aliyefanya makubwa. Bi Kasia aliwauliza wote maswali yaleyale: mtu anaweza kushuka hapo salama? Ataona nini kwa macho yake? Na nani anathibitisha? Hata kaka yake mwenyewe, aliyetaka nyumba ya familia iingizwe, alikataliwa kwa barua rasmi yenye muhuri. Kaka alinuna miezi miwili.

Lakini mimi nitamkumbuka zaidi kwa jambo la miaka saba iliyopita. Ramani mpya ilikuwa tayari kwenda kuchapwa. Kituo cha tano kilikuwa gati la zamani, chini ya ngazi za soko, na kibao chake kilikuwa pale kwa miaka kumi na minane. Ndipo fundi bomba wa mji akaingia ofisini na matope hadi magotini, akafungua gunia na kutoa pete ya chuma ya kufungia mashua, nene kama mkono wa mtoto.

"Mama, gati lenu mmeliweka siko," alisema. "Hii nimeikuta nyuma ya kiwanda cha sabuni, nikichimba mtaro. Ziko nyingine saba ukutani."

Bosi wetu wa wakati huo alishauri tunyamaze, wageni watajuaje? Bi Kasia alivaa mabuti. Kwa siku tatu yeye na fundi walikwangua tope mpaka ngazi za mawe zikatokea, zimelika katikati kwa nyayo za wapagazi. Aliporudi kwenye ramani za kale aligundua kwamba aliyechanganya kona mbili za mto ni yeye mwenyewe. Baadaye aliniambia kwamba kwa dakika kumi nzima alitamani kuificha ile pete chini ya kabati.

Badala yake aliitisha mkutano sokoni. Wafanyabiashara walikuja wamevimba, maana kibao kiliwaletea wateja. Mama muuza chai alisimama. "Miaka kumi na minane umetuambia ni hapa. Leo tukuamini kwa lipi?"

"Kwa hili," Bi Kasia alijibu. "Kibao kile nilikiandika mimi, na nilikosea. Sitaki wajukuu zenu wajifunze kosa langu."

Mama muuza chai akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, wao sasa watafanyaje. Wakakaa, wakazungumza hadi adhuhuri. Gati likahamia mahali pake pa kweli, na ngazi za soko zikapata kibao kipya kisichodai historia yoyote: "Pumzika hapa. Chai ni nzuri." Hadi leo hakuna kibao kinachopigwa picha zaidi ya hicho, na anayekipangusa vumbi kila asubuhi ni mama yuleyule.

Mwezi uliopita, tukipanga sherehe hii, Bi Kasia alitutobolea siri: miaka yote hiyo mtoni hajui kuogelea. Ameshajiandikisha kwenye bwawa, darasa la wanaoanza, pamoja na dada yake mkubwa.

Asante, Bi Kasia, kwa kutufundisha kukosea hadharani na kusahihisha hadharani. Tunakuombea afya, vicheko na siku ndefu zisizo na vikao. Na tafadhali, anzia upande wa maji mafupi.