Kampuni Tatu, Mtaro Mmoja

Nilikuwepo. Asikudanganye mtu mwingine. Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili, na kahawa yangu ilikuwa bado ya moto. Asubuhi ile, kwenye benchi letu la nje ya duka la cherehani, Fundi Uzi mshonaji alikuwa anasimika mwavuli mkubwa kama hema la harusi. Tulidhani anatujali sisi, kumbe wapi! Nyuma ya dirisha, binti yake alikuwa kwenye simu ya video, anasailiwa kazi na mabosi wa mbali, na Fundi Uzi hakutaka jua limchome mwanawe machoni. Shimo alilichimba mwenyewe kwa sururu.

— Mchimba shimo ndiye wa kwanza kukaa kivulini, wahenga walisema, alianza Gazeti, karani mstaafu asiyepitwa na habari.

— Wahenga wa kwenu hao, akajibu Setilaiti, fundi wa madishi. Na huo mwavuli unayumba, bwana.

— Kuna mzizi mkaidi chini, unauzuia, akasema Fundi Uzi. Halafu punguzeni sauti! Picha inang'aa utadhani mwanangu yumo chumbani mwao. Huo ndio mtandao wa kizazi kipya!

— Washukuru mamlaka ya mawasiliano, akasema Gazeti. Kampuni kubwa ya simu ilitaka zizi lote liwe lake. Mamlaka wakaiambia fungua mlango, wenzako waingie, mshindane kwa bei. Sasa zipo tatu. Fahali watatu wakipigana, nyasi hunenepa!

Fundi Uzi akatema mate viganjani, akainua sururu, akautwanga ule mzizi. Ukakatika. Mlingoti ukazama, ukatulia tuli.

— Umesalimu amri! akajisifu.

Pazia likafunguka. Binti akatoka na simu mkononi, uso umemshuka.

— Baba, wameganda. Wameniuliza udhaifu wangu ni nini, sijafungua mdomo, wakaganda.

— Tumia laini yangu, mwanangu, akasema Gazeti. Mimi niko kampuni kubwa. Eh! Imekufa!

— Chukua yangu, hii ni ile changa, akasema Setilaiti. Mungu wangu! Nayo!

Fundi Uzi akaichomoa yake, ya kampuni ya tatu. Kimya. Akaitikisa kama chupa ya dawa. Kimya vilevile.

— Zote? Kwa mpigo? Haiwezekani!

— Hujuma hiyo! akasema Gazeti. Kampuni kubwa imewazima wadogo.

— Mbona na yenyewe imezimika? akauliza Fundi Uzi.

— Imejizima ili isishukiwe. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Acha porojo, akasema Setilaiti. Hiyo ni setilaiti imelala ubavu. Jua likizidi, nayo hutafuta kivuli kama sisi.

— Au ni mamlaka wamebadili mashindano, akadakia Gazeti. Siku hizi anayeshinda ni atakayenyamaza zaidi!

— Nimjue tu aliyefanya hivi! Fundi Uzi akanguruma. Mtoto amejiandaa mwezi mzima! Nitamshona mdomo kwa sindano ya magunia!

Hapo akatokea dada mmoja mwenye kofia ngumu, anatembea ameinama, kifaa kinalia mkononi mwake. Kilipofika kwenye benchi kikapiga yowe.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba. Wewe wa kampuni gani? akauliza Gazeti.

— Zote tatu, mzee. Mamlaka waliziambia zitumie waya mmoja kwenye mtaro mmoja, mtaa usichimbwe kila siku. Waya wenyewe unapita hapa hapa.

Akautazama mwavuli. Akautazama udongo mbichi.

— Samahani, nani amechimba hapa?

Gazeti akainamia kikombe kana kwamba kina maandishi. Setilaiti akatazama mbinguni. Fundi Uzi akatupa jicho mtaa mzima, kutoka kona hadi kona, akiutafuta mti uliouzaa ule mzizi. Hapakuwa na mti. Haujawahi kuwepo.

Binti akaitazama sururu, akamtazama baba yake, akaangua kicheko.

— Wakipiga tena, Baba, udhaifu wangu nimeshaujua.

Yote ni kweli tupu, ila hapo kwenye kicheko nimetia chumvi yangu. Hakucheka, wala hakusema neno. Alirudi ndani, akalivuta pazia.