Homa ya Laptopu ya Karani

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lina sheria moja tu: kikombe kikubwa cha kahawa kipo kimoja, aliyekishika ndiye mwenye neno, na hakuna kugusa kitu mpaka kikombe kimalize mzunguko. Asubuhi hiyo Karani, mwaka na nusu sasa hana kazi, alikuja ameikumbatia laptopu yake kama mwana mgonjwa. Saa nne kamili alikuwa na usaili wa kazi kwa video, na amekuja kuomba intaneti ya kinyozi. Laptopu nayo, kila ikiwaka dakika kumi, inachemka na kuzimika. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Kwanza wote wakalisifu vazi. Mkewe Karani ni fundi cherehani. Alikuwa ameishonea laptopu koti la blanketi zito, lenye vifungo, likaibana chini na ubavuni, likaacha kioo na vitufe tu. Karani hakuwahi kulivua hata siku moja. Mwanamke amekulisha mwaka na nusu, utavuaje alichokushonea?

Kikombe kikaanza kwa Turubo, dereva mstaafu wa malori.

— Hiyo ni rejeta, haina maji. Mimi lori likichemka nilikuwa nashuka, nalala chini ya mti, naendelea kesho. Haraka haraka haina baraka.

— Usaili ni saa nne, mzee wangu.

— Wewe huna kikombe.

Kikaenda kwa Ripoti, msomaji wa magazeti ya juzi.

— Joto ni homa, na homa ni virusi. Tena uliinunua mkononi mwa mtu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hiyo imekuja na tabia za huko ilikotoka.

Turubo akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Karani alitamani kuuliza laptopu hufunzwa nini na mamaye, lakini hakuwa na kikombe.

Kinyozi akatoka, chanuo mkononi, akapokea zamu yake.

— Inawaza sana hii. Kichwa kinachowaza hupata moto, mimi navishika kila siku. Umeijaza barua za kuomba kazi, zote zimekataliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Hilo lilimchoma Karani, maana barua zilikuwa nyingi kweli. Turubo akakidai kikombe tena, akashauri igeuzwe ielekee upepo unakotoka. Ripoti akataka iogeshwe kwa barafu. Saa nne kasoro dakika kumi laptopu ikazimika mbele ya macho yao, na Karani akainamisha uso wasione machozi.

Hapo akafika mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, mtoto mchanga kifuani, anamsubiri mumewe anyolewe. Mtoto akalia. Mama akamfungua shali, akampepea kidogo, mtoto akanyamaza. Kisha akaitazama laptopu.

— Na hiyo nayo, koti la nini na jua hili?

Ripoti akamtazama Turubo, Turubo akamtazama kinyozi, kinyozi akakitazama kikombe. Karani akafungua vifungo kimoja kimoja, moyoni akimwomba mkewe radhi. Ubavuni kulikuwa na matundu aliyokwisha kuyasahau, na hewa ya moto ikamtokea mkononi. Akaiacha ipoe mpaka ikabaki dakika moja. Akaiwasha, ikawaka.

Saa nne kamili uso wa msaili, mama mwenye miwani, ukatokea kwenye kioo. Akamsalimu vizuri, akauliza swali la kwanza.

— Ukipata tatizo kazini, hatua yako ya kwanza huwa ni ipi?

Benchi zima likakohoa. Karani akafungua kinywa, akakumbuka hana kikombe. Taratibu, bila kumtazama, Turubo akamsogezea kikombe kikubwa.

Karani akakishika kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini neno sasa lilikuwa lake.