Gari Jeupe la Kuzoa Mbwa

Ubao wa kukalia uko pale kona, umeegemea ukuta wa duka la vipuri ambalo mwenyewe alilifunga akahama, wala hakuna aliyewahi kuja kuudai. Kila asubuhi hukaa watu wale wale. Yupo Breki, aliyeendesha malori maisha yake yote, na mpaka leo akikolea mazungumzo mguu wake wa kulia hukanyaga chini kama unaotafuta pedali. Yupo Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi, mwenye gazeti la jana na miwani iliyogandishwa kwa gundi ya viatu. Yupo Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hakai, na ambaye hapendi kuona kikombe kitupu mkononi mwa mtu. Na mwisho wa ubao, nyuma ya sanduku lake la kazi, yupo Fundi, mshona viatu. Siku hiyo, tangu afike, Fundi alikuwa ameinama mara nne kuchungulia chini ya ubao, na kila mara alijifanya ameangusha msumari.

— Unatafuta nini? aliuliza Breki.

— Msumari.

— Msumari au mbwa?

Fundi alirudi kwenye kiatu chake akagonga kisigino ambacho kilikuwa kimeshashika vizuri. Chini ya ubao ule alilala mbwa jike wa rangi ya majivu, mwembamba, asiye na makelele. Fundi akifika asubuhi humkuta, akifunga kazi humwacha. Mtu akimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: si wangu, amekaa tu. Hata bwana afya alipopita na daftari kuandikisha mbwa wenye wenyewe, Fundi alisema hivyo hivyo, huku mbwa amelalia miguu ya kigoda chake.

— Amechukuliwa, alisema Mama Birika. Jana, ulipofunga mapema kwenda kununua soli. Nilitaka kukwambia, nikaona uso wako, nikaahirisha.

— Amechukuliwa na nani?

— Gari jeupe. Lilisimama pale kwa dobi. Akashuka dereva na wavu, na dada mmoja kavaa nguo za kijani, na mama mmoja mgeni, nywele nyeupe pee. Wakamrushia wavu. Hakubweka hata.

— Na wewe ukatazama tu?

— Niliuliza, Fundi. Nilivuka barabara na birika langu mkononi nikauliza. Yule dada akasema wanakwenda kumfunga kizazi, kisha watamrudisha hapa hapa. Nikajua ananipoza. Nani anamrudisha mbwa wa mtaani?

Fundi alihisi nyundo imekuwa nzito. Aliiweka chini polepole, asije mtu akaona.

— Mimi nimebeba kila kitu, alisema Breki, na mguu wake ukakanyaga. Nimebeba saruji, nimebeba vitanda vya hospitali, nimebeba mizinga yenye nyuki wake ndani. Lakini kumbeba mbwa, umpasue, umshone, umrudishe ulikomtoa, hiyo sijaisikia. Hao wanapandishwa ndege. Kule kwao mbwa wameisha.

— Wameishaje?

— Wamewafuga ndani mpaka wamekuwa kama mito ya makochi. Hawabweki, hawaumi. Sasa wanataka wa kwetu, wenye meno.

Karani alikunja gazeti mara mbili, kama alivyokuwa akifanya ofisini kabla ya kumkatalia mtu ombi lake.

— Ungekuwa unasoma usingesema hayo. Mbwa wa pale stendi wamerudi wote. Nimewahesabu mwenyewe. Na kila mmoja sikio la kushoto limekatwa ncha. Jiulizeni kwa nini la kushoto.

— Kwa nini? aliuliza Fundi, na sauti yake ikatoka kabla hajaipa ruhusa.

— Chombo. Kidogo kama punje ya mchele. Kinapachikwa sikioni, kinanasa sauti. Mbwa analala chini ya ubao, watu wanaongea juu ya ubao. Nimalizie?

Mama Birika alimmiminia nusu kikombe.

— Kinase nini hapa? Wewe ukimsema shemeji yako?

— Shemeji yangu ni mtu wa serikali.

— Ni mlinzi wa geti, Karani.

— Geti la serikali.

— Tuache masikio, alisema Breki. Ninyi hamwoni mbali. Watu wanakuja na visu, wanaanza na mbwa, wanatuona tumenyamaza. Mwezi ujao watashika paka. Wakimaliza paka, watamshika nani?

Akamkazia Karani macho. Karani akapandisha goti moja juu ya jingine.

— Wewe una watoto tisa, Mama Birika alimwambia Breki. Kwako wamechelewa.

Wakacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa anawaza ule wavu, na mbwa ambaye hakubweka. Kwa nini hakubweka? Mbwa yeyote angebweka. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikia akitoa sauti, akakosa.

Gari jeupe lilikuja kahawa ikiwa bado moto. Lilipunguza mwendo kwa dobi, likaja mpaka mbele ya ubao, likazima. Alishuka yule dada wa nguo za kijani, akafungua mlango wa nyuma, na yeye na dereva wakateremsha kizimba cha waya. Mgeni mwenye nywele nyeupe alishuka wa mwisho, akasimama kando, mikono mfukoni. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, waliitikia, kila mmoja kwa wakati wake.

— Tumemrudisha.

Mbwa alikuwa amekaa ndani ya kizimba. Tumbo limenyolewa, na lina mshono mfupi. Sikio la kushoto limekatwa ncha, kama Karani alivyosema. Lakini hakuna aliyetazama sikio. Shingo yake yote, kuanzia kidevuni mpaka mabegani, ilikuwa imezungushiwa bendeji, na upande mmoja wa bendeji damu ilikuwa imepenya.

Breki alisimama.

— Mlisema kizazi. Shingo mmeikata ya nini?

— Hatukuikata, mzee. Tulimkuta hivyo.

— Mlimkutaje hivyo? Huyu mbwa yuko hapa kila siku. Tunamwona kila siku.

— Manyoya yalificha. Tulipomlaza na kumnyoa ndipo tukaona. Alikuwa na uzi ndani ya nyama.

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo ikabidi arudie. Alieleza taratibu, kama muuguzi anavyoelezea ndugu wa mgonjwa. Mtu alimfunga uzi shingoni akiwa mtoto. Mbwa akakua, uzi haukukua. Ukaanza kubana, ukachana ngozi, ukaingia. Upande wa juu nyama ikaota ikaufunika kabisa. Upande wa chini kidonda kilikaa wazi, kikifunga na kufunguka, labda kwa mwaka mzima. Koo lilikuwa limebanwa kiasi kwamba kubweka hakuweza, na kumeza kwake kulikuwa kwa shida.

— Daktari anafanya kazi hii mwaka wa ishirini sasa, alisema, akimwonyesha mgeni kwa kichwa. Jana ilibidi atoke nje kwanza, apumue, ndipo arudi amalizie.

Mama Birika aliweka birika chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya mbele ya wateja.

— Ile harufu, alisema. Nilisema ni mtaro. Nimekwenda ofisi ya mtaa mara mbili kulalamikia mtaro.

— Mimi mkate alikuwa anauacha, alisema Breki. Nikasema anaringa. Nikaacha kumpa.

Karani alivua miwani yake, akaifuta, asiivae.

— Na sikio, dada? Sikio limekatwa kwa nini?

— Ni alama tu, mzee. Tukimwona tena tujue ameshafanyiwa, tusimkamate mara ya pili. Ni shirika dogo, tuko wanne na gari hili. Daktari anatoka kwao kila mwaka wakati wa likizo yake, anakaa wiki tatu. Hatuna nafasi ya kumpasua mbwa mmoja mara mbili.

— Anakuja kwa likizo yake? Yaani badala ya kupumzika?

— Ndiyo.

Karani akatikisa kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu isiyo na rufaa.

Yule dada alitia mkono mfukoni akatoa mfuko mdogo wa plastiki, wa kufungwa mdomo. Ndani kulikuwa na uzi uliojiviringa, mweusi kwa damu kavu, ila sehemu moja iliyooshwa ilionyesha rangi yake ya kahawia.

— Tumeutunza kwa sababu tungependa kujua. Si uzi wa kawaida. Una nta, ni mnene, umezungushwa mara mbili. Na fundo lake lilitushinda kulifungua, tukakata pembeni. Huyu aliyelifunga anajua kufunga. Mnamfahamu?

Fundi aliutambua uzi ule. Alimwona mtoto wa mbwa asiyezidi kiatu, amejikunja ndani ya sanduku la soli siku ya mvua. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba mbwa wasio na kitu shingoni watapigwa risasi. Ukanda hakuwa nao. Akakata uzi, akazungusha mara mbili, akapiga lile fundo la soli alilofundishwa na marehemu baba yake, fundo lisilolegea. Alijisikia vizuri siku ile. Alikwenda nyumbani akipiga mluzi. Na baada ya hapo manyoya yakaota, kazi zikawa nyingi, akasahau kabisa kwamba aliwahi kumfunga.

Alipoinua macho aliona wenzake hawamtazami. Breki alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Karani alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Birika alikuwa anatazama ndala zake za ngozi. Vyote vilikuwa vimeshonwa kwa uzi ule, na kila mshono uliishia kwenye fundo lile.

— Watoto, alisema Breki. Watoto wa mtaa huu, dada. Watundu sana.

— Watu wabaya wako wengi, Karani aliongeza. Wanapita hapa, huwezi kuwajua.

— Hatumjui, alisema Mama Birika.

Walisema hivyo kwa kumpenda, na Fundi alijua wanampenda, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Alijaribu kusimama, kigoda kikaanguka nyuma yake.

— Ni mimi.

— Fundi, kaa chini, alisema Breki kwa sauti ya chini.

— Ni mimi, dada. Uzi ni wangu, fundo ni langu. Nilimfunga wasimpige risasi. Alikuwa mdogo hivi. Kisha nikasahau. Wallahi nilisahau.

Yule dada alimtafsiria daktari kwa maneno machache. Fundi alingoja atukanwe. Angependa atukanwe, angalau angejua pa kuweka uso. Mgeni alimsikiliza dada mpaka mwisho, akamtazama Fundi, akautazama ubao, akawatazama wote mmoja mmoja, si kwa hasira. Alionekana kama mtu ambaye hesabu yake imekataa. Akasema kitu kifupi.

— Anasema wengi tunaowakuta hivi walifungwa na mtu aliyewapenda, dada alitafsiri. Hilo analielewa. Ila anauliza jambo moja, maana anataka kuandika kwenye karatasi ya mgonjwa kidonda kilianza lini. Anauliza, katika muda wote huo, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumshika shingo?

Mguu wa Breki ulikuwa umetulia. Karani alikunjua gazeti, akalikunja. Mama Birika alisema, mimi nilikuwa nampa makombo, kisha akasikia mwenyewe kwamba hilo si jibu la alichoulizwa. Daktari alisubiri na kalamu yake. Kisha aliandika mstari mfupi, akakunja karatasi.

— Bendeji ibadilishwe kila siku, siku kumi, alisema dada. Dawa hii hapa. Asipopatikana wa kumhudumia tutarudi naye.

— Niachie, alisema Fundi.

Wakafungua kizimba. Mbwa alitoka kwa hatua fupi, akaenda chini ya ubao mahali pake, akalala. Fundi alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena, gundi ikabaki vilevile. Akapiga magoti juu ya zege, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, akaunyoosha mkono. Haukujua pa kuanzia.

— Nyuma ya sikio, dada alimwambia. Lile lisilo na kidonda. Taratibu.

Mkono ulipokaribia, mbwa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Fundi hakuuondoa. Aliuacha hapo hapo hewani, kiganja juu, na magoti yakianza kuuma, huku gari jeupe likiwashwa na kuondoka, na wenzake juu ya ubao wakimtazama.