Upande wa Kivuli

Kwenye tramu ya Aleksandria, kijana mmoja alikuwa amepakata sanduku la mbao lenye mlango wa kioo. Mama mmoja aliyeketi kati yake na mimi akamuuliza ni la nini.

"La nyoka, Hajjati."

Mama akasogea mpaka akanikalia mguu. "Yumo?"

"Hayumo. Alikufa."

"Alhamdulillahi!" Kisha akauona uso wa kijana, akasema, "Pole."

Kijana, jina lake Wagdi, akaeleza bila kuulizwa. Alikuwa nyoka wake wa kwanza, hana sumu, na mkewe, Nagwa, alitokea kumpenda sana. Wagdi alimweka dirishani ndani ya tangi la kioo lisilo na kivuli, akidhani nyoka wa jangwani hachoki jua.

"Mchana Nagwa akanipigia simu kazini. 'Wagdi, anajigonga kwenye kioo.' Nikamwambia, 'Anacheza huyo, mwache.' Niliporudi, joto lilikuwa limeshamuua."

"Hukujua, mwanangu."

"Yeye alihisi. Mimi ndiye niliyemkataza."

Akaufungua mlango kumwonyesha: huku taa ya joto, huku kivuli, hapa maji, hapa kijipango cha kujificha. Kazi safi, na mama mwenyewe alichungulia.

"Na mkeo anataka nyoka mwingine?"

"Hataki hata kumsikia."

"Sasa sanduku tupu la nini? Unamtonesha kidonda!"

"Nataka aone kwamba nimeelewa."

"Si umwambie kwa mdomo, wewe!"

"Nimeshindwa, Hajjati."

Tramu ikasimama kituo cha Sidi Gaber. Wagdi akashuka taratibu, amelikumbatia sanduku kama vile lina kiumbe ndani.